Mama Aliniuliza Kama Nilikuwa Mgonjwa

Mume wangu alikuwa karani wa telegrafu kwenye stesheni ya Kamina. Siku nzima alisikiliza chuma kikigonga, akaandika kwenye karatasi habari za mabehewa na za wazungu wanaosafiri, na alipotoka kazini saa kumi hakutaka tena kusikia sauti ya mtu. Alivua viatu, akakaa barazani, akachukua gita lake. Mimi nilikuwa uani nikifua, au nikianika mihogo, au nikimwogesha mtoto, na kazi zangu hazikuwa na saa kumi. Hivyo ndivyo tulivyoanza kuimba pamoja, yeye amekaa, mimi nimeinama.

Yeye alikuwa mtoto wa mwalimu Mmetodisti, amezaliwa na vitabu nyumbani. Mimi nilitoka kwa wakulima Wakatoliki, kijiji cha nusu siku kwa miguu kwenye barabara ya Kabongo. Masista walinifundisha kusoma na kushona pindo, lakini ulimi hawakuubadilisha. Kiluba chetu hakina r, kwa hiyo reli niliita leli, na karani niliita kalani. Mama mkwe alicheka kila nilipofungua mdomo mbele ya wageni. Mume wangu hakucheka. Aliwahi kuniambia kwamba alipokuwa kijana alipigwa fimbo shuleni kwa sababu ya herufi hiyohiyo, na akaizoea kwa kuogopa.

Nyumba yetu ilikuwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa reli, karibu sana na mahali injini zilipokuwa zikipanga mabehewa. Moshi ulikuwa jirani yetu wa kwanza. Karani alitakiwa kuwa na shati jeupe kila asubuhi, na shati jeupe lilitakiwa kukauka nje, na nje ndiko masizi yalikokuwa yakianguka. Siku moja nilikuwa nimefua mashati matatu, nikayatundika, injini ikapita. Nikayatoa, nikafua tena, nikayatundika, ikapita nyingine. Nilisimama pale na maji yakinichuruzika kwenye viwiko, nikasema kwa sauti, si kwa mtu yeyote, "Nimefua, imepita. Nimefua tena, imepita tena." Kule barazani vidole vya mume wangu vilikuwa vinazunguka kwenye nyuzi bila kutafuta kitu. Vikasimama.

"Rudia," akasema.

"Nirudie nini?"

"Ile umesema. Sema vilevile."

Nikarudia kwa uchovu uleule. Yeye akaishika ile sauti yangu kwa gita, akaweka sauti yake juu, mimi nikabaki chini. Mwisho wa juma ule wimbo ulikuwa umeshakamilika. Ulikuwa na mwanamke anayefua, shati lisilokauka, na bwana anayeuliza kila asubuhi kwa nini kola ina doa. Haukuwa na kitu kingine.

Jumapili alasiri, baada ya ibada zetu mbili, yake na yangu, majirani waliketi mbele ya nyumba na sisi tukaimba. Wanawake wa kambi waliposikia wimbo ule kwa mara ya kwanza hawakupiga makofi. Mmoja, mke wa fundi wa injini, aliweka mkono mdomoni akaanza kutikisika kwa kicheko mpaka akatokwa na machozi. Wiki iliyofuata walikuja wengi zaidi. Mume wangu alianzisha, mimi nikapokea. Sauti yangu ni nzito. Nilijifunza kuimba nikitwanga na mama yangu, na mtu anayetwanga huimba kwa tumbo, kwa sababu kifua kimeshachukuliwa na mchi. Sikuwahi kufikiri kama ni sauti nzuri au mbaya. Ilikuwa sauti niliyokuwa nayo, kama miguu.

Siku zile, miaka michache baada ya vita vya Ulaya kwisha, santuri zilikuwa zimeingia Kamina kwa wingi. Kila duka lilikuwa na gramafoni mlangoni. Nyimbo zilitoka Léopoldville kwa Lingala, nasi tulizicheza bila kuelewa nusu ya maneno. Ndipo alipofika yule bwana. Alikuwa Mkongo kama sisi, kutoka Elisabethville, mwenye viatu vinavyong'aa hata kwenye vumbi letu, na alitumwa na mzungu mwenye duka la santuri kutafuta waimbaji kwenye miji ya reli. Sisi tulimwita mjumbe.

Alikuja Jumapili moja, akasimama nyuma ya watu, akasikiliza mpaka mwisho. Watu walipoondoka alivuta kiti.

"Baba, mikono yako iko muzuri sana," alimwambia mume wangu. Kisha akanigeukia. "Na weye, mama, una sauti ya kweli. Lakini iko muzito. Kwenye gramafoni itatoka kama ngoma imelowa maji."

"Tufanye namna gani?" mume wangu akauliza.

"Apandishe. Aimbe hapa." Akagusa pua yake. "Kama ba mama ba Léopoldville. Na yale maneno ya sabuni, baba, nani atayachezea? Muntu ananunua santuri ili asahau kazi ya nyumba."

Hakuwa mtu mbaya. Nataka niseme hivyo, kwa sababu nimekaa miaka mingi na hasira iliyokosa pa kutua. Alikuwa anajua kazi yake. Alituandikia maneno mapya kwa Lingala kwenye karatasi, maneno ya mapenzi, kuhusu mwanamke mrembo anayelia kwa sababu mpenzi wake amepanda meli. Tuni ilikuwa ileile yangu ya kufua. Akasema lori la kurekodi litafika baada ya mwezi, tujitayarishe.

Mwezi ule ulinichosha kuliko kulima. Asubuhi nilikwenda shambani, mchana nilipika, alasiri mume wangu alinisimamisha karibu na dirisha na karatasi mkononi. Maneno yalikuwa yamechanganywa na Kifaransa, yenye r nyingi. Alinisemesha neno moja mara ishirini.

"Motéma na ngai," nikasema. Moyo wangu, hilo lilikuwa rahisi. Kisha likaja lenye r, nikateleza.

"Hapana. Ulimi juu."

"Ulimi uko juu."

"Rudia, mama. Bantu ba Elisabethville batacheka."

Nilirudia. Ilifika siku nikaweza, kama mtu anavyoweza kutembea na kiatu kidogo. Sauti nayo nilipandisha. Niliiondoa tumboni, nikaipitisha puani, nikaibana iwe nyembamba. Mwanangu wa kwanza, aliyekuwa na miaka minne, aliacha kucheza akanitazama usoni kuona kama ninalia. Nikamwambia mama anajifunza wimbo. Akarudi kwenye mchezo wake.

Lori lilikuja wakati wa likizo, na kurekodi kulifanyika kwenye darasa la shule. Walitundika blanketi kwenye madirisha kuzuia sauti za nje, na joto likawa la tanuri. Watoto walifukuzwa mbali, na kuku pia. Mzungu alikaa nyuma ya mashine yake na vitu vya kusikilizia masikioni, jasho likimtiririka, hakututazama. Kila injini ilipopita tulisimama, tukangoja inyamaze. Kati ya injini na injini ndipo tulipoimba.

Mume wangu aliomba tuanze na wimbo wa kufua kama ulivyokuwa. Nadhani alifanya hivyo kwa ajili yangu, ingawa hakuniambia. Tukauimba kwa sauti zetu. Nilifumba macho na nikaona uani kwangu. Tulipomaliza mzungu aliuliza kitu kwa Kifaransa, mjumbe akajibu kwa neno moja, mzungu akainua mabega. Mume wangu, aliyejua Kifaransa, alinieleza baadaye. Mzungu aliuliza wimbo unasema nini, na mjumbe akamwambia ni kufua nguo. Basi wakarudisha nyuma utepe wa mashine. Tukaimba ule wa meli na machozi, na mashine ikauandika juu ya ule wa kwanza, mahali palepale. Sikujua wakati ule kwamba utepe hufanya hivyo. Nilidhani nyimbo zote mbili zimo ndani ya lile sanduku.

"Muzuri sana, mama," mjumbe alisema tulipotoka nje. Nilikuwa nimelowa kama mtu aliyetoka mtoni. Nilifurahi aliponisifu. Sitaki kujifanya kwamba sikufurahi.

Santuri zilifika kwa treni, zimefungwa kwa majani makavu ndani ya kasha. Jina la mume wangu liliandikwa kwenye karatasi ya katikati, la kwangu halikuwepo. Tulikuta gramafoni kwenye duka la Mgiriki karibu na soko ikiucheza wimbo wetu tangu asubuhi mpaka kufunga. Watu walicheza barabarani. Sokoni wanawake waliacha kupanga nyanya wakaniambia, "Mama, tumekusikia." Walianza kuniita Mama Santuri. Nilirudi nyumbani na kikapu kimejaa zaidi ya nilichonunua, kwa sababu kila muuzaji alinitilia kitu kidogo. Kwa muda wa miezi miwili hivi nilitembea nikijua kwamba watu wananitazama mgongoni, na mgongo wangu ulinyooka.

Kisha mama yangu akaja kututembelea. Alikuja kwa miguu na mwenzake kutoka kijijini, wamebeba karanga na unga wa mihogo. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawakai pamoja, ni heshima. Hawali pamoja, hawatazamani. Kwa hiyo mama alikaa uani, kwenye kivuli cha jiko, na mume wangu alibaki sebuleni. Lakini alikuwa amesubiri siku ile kwa hamu. Alikuwa ameazima gramafoni kwa rafiki yake, akaiweka karibu na dirisha la nyuma, akaweka santuri yetu, akafungua dirisha lote ili mkwe wake asikie.

Nilikuwa bombani nikichota maji. Niliporudi na ndoo kichwani wimbo ulikuwa katikati. Mama aliacha kumenya karanga, ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza kwa makini kama mtu anayesikiliza habari ya msiba wa mbali. Nikatua ndoo. Wimbo ukaisha, sindano ikakwaruza, mume wangu akaiinua.

"Anaimba vizuri," mama alisema kwa Kiluba. Hakujua Kiswahili zaidi ya salamu. "Ni mtoto wa nani?"

Nikasikia sebuleni mume wangu akikohoa, kile kikohozi cha kuficha kicheko. Nikapiga magoti karibu na mama.

"Ni mimi, mama."

Akanitazama. Akatazama dirisha, kisha akageuza macho haraka kwa sababu mkwe wake alikuwa ndani.

"Wewe?"

"Ni mimi. Ndiyo ile santuri niliyokuambia."

Akachukua karanga moja, akaimenya, akaiweka bakulini. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, ili asiniaibishe mbele ya mwenzake, "Ulikuwa mgonjwa?"

Ningemwambiaje kwamba nilifanya vile kwa kusudi, kwamba nilifundishwa, kwamba nilifanya mazoezi mwezi mzima ili nisijulikane na mtu aliyenizaa?

"Kidogo," nikasema. "Koo."

"Nilijua," akasema. Akanishika koo hapohapo kwa vidole viwili, akabonyeza huku na huku kama alivyofanya nilipokuwa mtoto. "Mbona hukutuma habari?"

Aliondoka kesho yake. Siku nne baadaye mtu wa kijijini aliyekuja kwa baiskeli aliniletea kifurushi kimefungwa kwa kamba ya mti. Ndani yake kulikuwa na mizizi ya kuchemsha, na maagizo. Kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni, na nisipige kelele wala nisiimbe mpaka iishe. Mume wangu alicheka alipoiona. Mimi sikucheka. Niliichemsha nikainywa yote, na ilikuwa chungu sana, kwa sababu sikuweza kuitupa na sikuweza kumwambia mama kwamba hakuna ugonjwa.

Baada ya hapo sikuweza tena kuusikia wimbo ule bila kuusikia kwa masikio yake. Nilipopita dukani kwa Mgiriki nilisikia mwanamke mgonjwa anaimba.

Lakini kazi ilikuwa imeshaanza. Makarani walikuwa na serkle yao, nyumba ya kukutania siku za mapumziko, yenye viti vya kukunja na picha ya mfalme ukutani, na walituita tuimbe kila Jumamosi alasiri. Walitaka nyimbo kama ile ya santuri. Tukajifunza nyingine za Léopoldville. Nilisimama kwa muda wa saa tatu, nimevaa viatu vya kisigino alivyoninunulia mume wangu, nikiimba kwa pua maneno ambayo sikuyaelewa kwa watu ambao nao wengi hawakuyaelewa. Baba mkwe, mwalimu, alituma barua kwamba ni aibu kwa familia ya kanisa. Mume wangu hakuijibu. Sikuwa na nguvu ya kumwambia kwamba kwa mara ya kwanza nilikuwa upande wa baba yake, ingawa kwa sababu nyingine.

Kufika mwisho wa mvua za mwaka ule koo lilianza kuuma kweli. Jumatatu sikuweza kumwita mtoto kutoka uani. Nilipiga makofi badala ya kuita. Nilikuwa na mimba ya pili, nalima, nafua, na Jumamosi nasimama. Siku moja nilijaribu kutwanga huku nikiimba, peke yangu, nikitafuta sauti ile ya zamani. Ilitoka, lakini ilitoka na mikwaruzo, na katikati ikaruka yenyewe ikaingia puani. Nikaweka mchi chini. Hilo lilinitisha. Nilikuwa nimedhani ile sauti nyembamba ni nguo tu, naivaa na kuivua.

Mjumbe aliandika barua. Santuri yetu imeuzwa vizuri, mzungu anataka nyimbo nne zaidi, na safari hii twende wenyewe Elisabethville. Mume wangu aliisoma kwa sauti barazani, akaisoma tena. Alikuwa na uso wa mtu aliyepandishwa cheo.

"Treni ya Alhamisi," akasema. "Nitaomba ruhusa."

Nilikuwa nachambua sombe, majani ya mihogo. Sikuinua kichwa.

"Minyi siendi, baba."

"Juu ya nini? Ya mimba? Tutangoja uzae."

"Hapana ya mimba. Nimechoka."

"Umechoka na kazi. Tutatafuta mutu wa kukusaidia kufua."

"Nimechoka na ule mwanamuke."

"Mwanamuke gani?"

"Ule wa santuri."

Aliikunja barua mara mbili. Alikuwa mtu mpole, hakuwahi kunipiga wala kunitukana, na kwa sababu hiyo ilikuwa vigumu zaidi kumkatalia.

"Bantu banamupenda," akasema.

"Njo vile. Banamupenda yeye. Basi wampate. Minyi simujui."

"Weye njo unaimba, mama. Iko sauti yako."

"Mama yangu hakuijua."

Akatazama nyuzi za gita lake. "Mama yako ni mutu wa kijiji," akasema, halafu akaona alichosema, akaongeza haraka, "Sisemi kwa ubaya." Mimi niliendelea na majani yangu. Nilitamani tugombane, kwa sababu ugomvi una mwisho. Hatukugombana. Aliingia ndani akaanza kutafuta sanduku la safari.

Alikwenda peke yake. Huko Elisabethville mjumbe alimpatia msichana wa mjini, mwenye sauti nyembamba ya asili. Hakuhitaji kufundishwa wala kubana kitu. Mume wangu alirudi baada ya wiki mbili, akanieleza habari zake bila kuficha. Alisema ni mtoto mzuri mwenye adabu, na anajua kazi. Nilimwamini. Nilihisi wivu kidogo, lakini haukuwa ule ambao watu wangefikiri. Nilimwonea wivu kwa kuwa ile ilikuwa sauti yake kweli.

Santuri mpya zilipofika, msichana yule alisikika vilevile kama mimi nilivyosikika. Kamina yote ikadhani ni mimi. Sokoni walinipongeza upya. "Mama Santuri, safari hii umezidi." Mwanzoni nilikataa. Nikasema si mimi, ni mtu wa Elisabethville, na wao wakacheka wakaona ninajidai mnyenyekevu, au nimegombana na bwana. Mke wa fundi wa injini, yule aliyelia kwa kicheko siku ya kwanza, alinishika mkono akasema nisiogope sifa. Nilieleza mara nyingine mbili tatu. Kisha nikachoka. Siku moja muuza dagaa alinisifu kwa wimbo ambao sikuwahi hata kuujua mpaka mwisho, na nikamwambia asante. Niliona aibu njia nzima. Lakini kesho yake nilisema tena asante, na keshokutwa, kwa sababu neno hilo ni fupi na kikapu kilikuwa kizito.

Nilijifungua mtoto wa kike. Nikamwimbia, kwa kuwa mtoto mchanga lazima aimbiwe, na nikamwimbia chini kabisa, polepole, bila kulazimisha. Ilichukua karibu mwaka kabla ile sauti haijaacha kuruka. Sikuimba mahali pengine popote.

Mume wangu alikwenda Elisabethville mara tatu. Mara ya nne hakuitwa. Watu walikuwa wameanza kutaka bendi nzima, zenye magita ya umeme na tarumbeta, na gita moja na sauti mbili vikaonekana vitu vya kambini. Aliandika barua kwa mjumbe, akaandika nyingine. Hatimaye mjumbe alimjibu kwa heshima kwamba mzungu anauliza kama anaweza kupiga kama fulani wa ng'ambo ya mto kule Léopoldville, mtu aliyekuwa anavuma mwaka ule. Mume wangu alikaa barazani miezi miwili akijaribu kupiga kama mtu yule. Nilimsikia kila alasiri. Alianza, akakosea, akaanza tena. Nilifahamu vizuri anachofanya, nami sikuwa na maneno ya kumwambia ambayo hayangekuwa ya kumsimanga. Nilimpelekea chai.

Alasiri moja sikusikia kitu. Nikachungulia. Alikuwa amekaa na gita mapajani, mikono imelala juu yake.

"Sijui tena namna nilikuwa napiga mbele, siku zile," akasema. "Natafuta, sioni."

Nikakaa kwenye ngazi karibu naye. Sikuwa nimekaa pale kwa muda mrefu. "Hata minyi ilinipotea," nikasema. "Inarudia. Inarudia polepole."

"Ilikurudia?"

"Ni kama yote, bado kidogo."

Hakuniuliza niimbe, nami nilimshukuru moyoni. Alilitundika gita ukutani, likakaa pale likishika vumbi, na saa kumi akirudi kazini alilala.

Mwaka uliofuata stesheni ilimhamisha. Walimpeleka Kabondo-Dianda, kwenye njia ya Bukama, stesheni ndogo yenye nyumba tatu za wafanyakazi, barabara mbovu, na mashamba. Kwa karani wa Kamina ilikuwa kama kushushwa, na marafiki wa serkle walimuaga kwa uso wa pole. Mimi nilifunga sufuria kwa furaha niliyoificha. Kule treni zilipita chache. Mashati yalikauka. Watu walivua samaki na kulima, na gramafoni pekee ilikuwa ya mkuu wa stesheni, nayo ilikuwa imeharibika. Hakuna aliyenijua.

Hatukuanza kuimba mara moja. Watu hudhani mtu akihama huacha uchovu nyuma, lakini tulikuwa nao kwenye masanduku yetu. Ilipita miezi. Alikuwa na muda mwingi kazini, mashine ikigonga mara chache, na nadhani kimya ndicho kilichomfanya alitoe gita kwenye gunia. Alipiga vitu vifupi, visivyo na jina. Hakujaribu kufanana na mtu. Vidole vilikuwa vimekuwa vizito, na wakati mwingine aliacha katikati akaenda kuangalia bustani.

Kulikuwa na wanawake waliokuja stesheni na vikapu vya samaki wakavu kungoja treni ya kwenda Kamina. Treni haikuwa na saa ya kuaminika. Walifika alfajiri wakakaa mpaka jua linageuka, wamenyoosha miguu, wanafukuza nzi. Treni nyingine, za mizigo, zilipita bila kusimama, na wao waliinuka, wakanyanyua vikapu, wakatua tena. Siku moja nilikaa nao nikimnyonyesha yule binti, aliyekuwa bado hajaachishwa ziwa, na ikapita ya mizigo, wakainuka, wakatua. Mmoja, mama mnene mwenye kilemba cha buluu, alisema, "Hii si yetu," akaketi. Alisema bila hasira yoyote, kama mtu anayesoma saa.

Nilirudi nyumbani na maneno yale. Mume wangu alikuwa kwenye mlango. Nikaimba, nikiwa bado nimesimama, na mtoto mgongoni, "Hii si yetu, ngoja. Hii nayo si yetu, ngoja." Niliimba kwa Kiluba, kwa tumbo. Sikufikiri. Yeye alinisikiliza mara mbili, akanifuata kwa gita taratibu, akaogopa kuweka sauti yake. Nikamwonyesha kwa kichwa aingie. Akaingia chini yangu, kwa sauti ya kukwaruza, na haikuwa nzuri sana, na tuliendelea mpaka mtoto akaanza kulia kwa njaa.

Tuliuimba kule stesheni mara kadhaa, sisi tumekaa kwenye kingo za jukwaa na wale mama kwenye vikapu vyao. Waliupokea upesi. Hakuja mtu na lori. Mume wangu aliwahi kusema, nusu mzaha, kwamba amwandikie mjumbe, nikamtazama, akacheka mwenyewe akaacha.

Baada ya kama mwaka nilikuwa njiani natoka shambani, nimechoka, jembe begani, na nikawasikia wale wanawake mbele yangu wanaimba wimbo wetu. Ila walikuwa wameubadilisha. Waliongeza jina la mlinzi wa stesheni aliyewasumbua, wakaongeza mume mlevi ambaye naye si wetu, ngoja, na wakageuza tuni mwishoni ikapanda pahali ambapo mimi nilishuka. Nilisimama kusikiliza. Nilitazamia kuumia, kama nilivyoumia nilipojua baadaye kwamba utepe ule uliufuta wimbo wa kufua, nikasubiri maumivu yaje. Hayakuja. Kila mmoja alikuwa anaimba kwa koo lake, mwingine jembamba, mwingine limevunjika kwa moshi wa kukausha samaki, na hakuna aliyekuwa anajifanya mtu. Mama wa kilemba cha buluu aliniona akaniita.

"Mama, ni vile?" akauliza. "Hatuukosei?"

"Ni vile," nikasema. "Endeleeni."

Nikawapita polepole, kwa sababu miguu iliniuma na bado nilikuwa na bukari, ugali wetu, ya kupika.